Kamera Isiyotisha Watu

Haupiti mwezi bila kijana kuniuliza swali hili: "Mzee wangu, kamera yangu hii ndogo nimeshaichoka. Sasa ninunue ipi?" Anayeuliza si mpiga picha wa harusi wala wa gazeti. Ni mwalimu, karani, fundi cherehani, mwanafunzi wa chuo. Mtu anayepanda daladala asubuhi na kurudi jioni, na katika kwenda na kurudi huko ameanza kuuona mji. Anayo kamera ile ya kuelekeza na kubonyeza tu. Labda amepewa na shangazi yake, labda ameinunua mtumba, na sasa amefika mahali ambapo kamera inamnyima kile ambacho macho yake yamekwisha kukiona. Swali lake ni la haki. Jibu analopewa na watu wengi ndilo ninalotaka kugombana nalo katika kurasa hizi.

Jibu hilo ni moja, nalo limekaririwa hadi likawa kama wimbo wa shule: nunua kubwa. Nunua yenye lenzi za kubadilisha, yenye lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, yenye mkanda mpana wa shingoni ulioandikwa jina la kampuni. Muuza duka husema hivyo kwa faida yake, na simlaumu sana. Nani amewahi kusikia mwenye duka akiiponda bidhaa yake? Ninaowalaumu ni sisi wapiga picha, tunaorudia maneno ya duka kana kwamba ni elimu.

Nasema hivi: kwa mtu anayepiga picha za mji wake kila siku, hatua ya kupanda kutoka kamera ndogo ya kubonyeza si kwenda kwenye kamera kubwa. Ni kwenda kwenye kamera nyingine ndogo, iliyo bora kwa ndani. Na fedha itakayobaki iende kwenye karatasi.

Kabla sijaendelea, niwajibu kwanza wale wa upande mwingine kabisa, wasemao kwamba kamera si kitu, picha ni jicho. Ni maneno matamu, na mara nyingi husemwa na mtu mwenye kamera tatu nyumbani kwake. Kumwambia hivyo kijana mwenye kamera hafifu ni sawa na kumwambia seremala kwamba kiti ni mikono, kisha ukampa msumeno butu. Kamera ndogo za bei nafuu zina kasoro za kweli, na anayezilalamikia hadeki.

Kasoro ya kwanza ni mwanga. Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna kipande kinachopokea mwanga, kimekaa pale ilipokuwa ikikaa filamu zamani. Katika kamera nyingi ndogo za bei nafuu kipande hicho kina milimita 6 hivi kwa upande mmoja, na upande wa pili haufiki 5. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha shahada. Katika kamera bora zaidi kina milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lake ni kama mara 13 ya kile cha kwanza. Kikombe hakikingi maji sawa na beseni, hata kama mvua inayonyesha juu yao ni ileile. Ndiyo maana jioni, jua likishazama na balbu zikianza kuwaka kwenye meza za wauza chipsi na samaki, kamera ndogo hutoa picha yenye chengachenga, au hufyatua flashi na kuiua rangi yote ya saa ile. Na sisi tunaoishi karibu na ikweta tunajua jinsi giza linavyoingia haraka. Saa nzuri kuliko zote mjini, saa ambayo watu wametoka kazini na barabara imejaa, ndiyo saa ambayo kamera hafifu hukata tamaa.

Dukani hutaonyeshwa kipande hicho. Utaonyeshwa idadi ya megapikseli, kwa kuwa namba kubwa ni rahisi kuiuza. Basi tupige hesabu. Picha ya kawaida ya albamu, ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800. Hizo ni megapikseli mbili na kidogo. Kamera yenye megapikseli 20 imeshapita mahitaji hayo zaidi ya mara tisa. Anayekuhimiza upande hadi 40 anakuuzia magunia wakati wewe huna nafaka.

Kasoro ya pili ni kuchelewa. Konda ananing'inia mlangoni, mkono mmoja juu, mdomo wazi, anaita "Kariakoo, Kariakoo, moja moja!" Unabonyeza. Kamera inatafakari, inatafuta, inapiga. Na ulichokipata ni taa za nyuma za daladala. Mji hausubiri kamera imalize kuwaza.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, nayo haitajwi dukani kabisa. Kwa kawaida kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vitatoa kijivu cha wastani. Msimamishe bibi mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta wa chokaa pale Mji Mkongwe, saa sita mchana. Kamera inaona weupe mwingi, inashtuka, inapunguza mwanga. Ukuta unatoka kijivu, na bibi anatoka kivuli chenye macho. Jambo hili lina historia yake. Katika enzi ya filamu za rangi, maabara za kusafisha picha zilipewa na Kodak kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi iliyotoka vizuri. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka, tukaambiwa hatupendezi katika picha.

Kinachotakiwa ni kitu kidogo tu: gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga, lililo wazi juu ya kamera, linaloweza kuzungushwa kwa kidole gumba huku jicho likimtazama mtu. Kamera nyingi za bei nafuu zimekificha kipimo hicho ndani ya orodha za kwenye kioo, na ukimaliza kukitafuta bibi ameshaingia ndani. Mtu akiniambia anataka kamera itakayomwezesha kuziona sura za watu wake zilivyo, siwezi kumwambia aridhike na aliyo nayo. Na apande.

Lakini tazama sasa. Katika kasoro hizo tatu, hakuna hata moja inayotibiwa na ukubwa wa mwili wa kamera. Kipande kikubwa cha kupokea mwanga, mwitikio wa haraka na gurudumu la mwanga vimekuwa vikiingia katika kamera ya kutosha mfuko wa koti kwa zaidi ya miaka kumi. Fujifilm waliitoa X100 mwaka 2011, yenye lenzi moja isiyobadilishwa. Ricoh walifuata mwaka 2013 na GR yenye kipande cha ukubwa uleule, na matoleo yake ya baadaye yana uzito wa gramu 250 na kidogo. Linganisha na mzigo unaosifiwa dukani: mwili wa kamera wenye karibu gramu 900, pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye karibu kilo moja na nusu. Huo ni uzito wa zaidi ya paketi mbili za unga. Mara ya kwanza utaubeba kwa fahari. Mwezi wa tatu utauacha kabatini, na kamera iliyo kabatini haijawahi kupiga picha ya mji.

Uzito hata hivyo si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni yule anayesimama mbele ya lenzi.

Mtu akikuona na kamera ndogo, anakuona wewe kwanza. Akikuona na kamera kubwa, anaiona kamera, na papo hapo anaanza kujiuliza: huyu ni wa gazeti, ni wa manispaa, au ametumwa na nani? Ana haki ya kujiuliza. Mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara nyingi walizokuwa wakifanyia biashara. Mama lishe aliyepita katika hayo hawezi kuliona domo jeusi la lenzi likielekezwa kwenye sufuria zake akadhani ni mapenzi ya sanaa. Anafunika chakula, anageuza uso, na wateja wake wanakutazama wewe. Ulichokuja kukipiga hakipo tena. Kamera yako yenyewe imekifukuza.

Waliotutangulia katika kazi hii walilijua jambo hilo. Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925, wapiga picha wengi waliozoea kamera nzito za sahani za kioo waliona ni kitu cha kuchezea. Henri Cartier-Bresson aliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1930, akatembea nayo karibu maisha yake yote akiwa na lenzi ya milimita 50, na sehemu zake za kung'aa alizifunika kwa rangi nyeusi au utepe ili isionekane. Daido Moriyama wa Japani amezipiga barabara za Shinjuku kwa miaka mingi akitumia kamera ndogo za Ricoh za mfukoni. Watu hawa wangeweza kupata kamera yoyote waitakayo. Walichagua ndogo kwa kuwa walitaka kusimama katikati ya watu na kubaki watu.

Na hiyo lenzi ndefu ya kuvuta, inayotajwa kama zawadi ya kupanda daraja, ninaiona kuwa mwalimu mbaya kwa mpiga picha wa mjini. Inamfundisha kunyemelea. Anasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya nguzo, anamvuta mzee anayecheza bao hadi ajaze kioo, anabonyeza, anaondoka. Mzee hajui. Hakuulizwa, hakusalimiwa, wala hataiona picha hiyo maishani mwake, ingawa wenye kumsifia "uhalisia wa Kiafrika" wataiona. Nchi zetu zimeanza kuamka katika hili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Na huko Kenya, mwezi Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini adabu ilikuwapo kabla ya sheria. Bibi zetu waliita tabia hiyo kuchungulia.

Kamera ndogo yenye lenzi moja pana inakulazimisha uende. Huna cha kuvuta isipokuwa miguu yako. Chukua lenzi yenye upana wa milimita 28 kwa kipimo cha filamu, kama ile ya GR. Weka namba ya tundu la lenzi kuwa 8, na umbali uuweke mita mbili, usiuguse tena. Kuanzia kama mita moja mbele yako hadi mbali kabisa, kila kitu kitatoka wazi, na kamera haina cha kutafuta wala kutafakari, ukibonyeza, imepiga. Ndiyo dawa ya kuchelewa niliyoitaja, na kwa jua letu la mchana mwanga unatosha bila shida. Sasa fikiri juu ya hizo mita mbili. Ni umbali gani huo? Ni umbali wa salamu. Huwezi kumkaribia mtu mzima mita mbili ukanyamaza. Utasema "Shikamoo mama," naye ataitika "Marahaba mwanangu," na kuanzia hapo atakuwa na nafasi ya kukwambia piga au usipige. Akisema usipige, usipige. Zipo picha nzuri nilizozikosa kwa neno hilo, na sizililii.

Najua nitaambiwa: simu inatosha. Kwa mtu asiye na akiba, ndiyo, inatosha, na aliye na simu nzuri asikope ili anunue kamera. Ila nayo kipande chake cha mwanga ni kidogo, na mahali inapokosa mwanga hujaza kwa hesabu zake yenyewe; hulainisha ngozi na kung'arisha macho hata pale ambapo hukuomba. Zaidi ya hayo, simu ni ofisi, benki, redio na mlango wa kubishiwa hodi na kila mtu. Unainua kupiga picha, unaingia ujumbe wa mkopo, na konda ameshapita.

Nitaambiwa pia: mbona wapiga picha wa harusi na wa mpira wanabeba makubwa? Wabebe. Kazi yao inayataka, nao wameitwa. Bibi harusi amewalipa wamtazame. Ninayesema naye hapa hakuitwa na mtu. Ameingia katika maisha ya wengine kwa hiari yake, na kwa hiyo ana wajibu wa kuingia kwa upole.

Kuhusu bei sitakudanganya. Kamera ndogo zilizo bora si za kuokota. X100VI ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa Marekani kwa dola 1,599. Usiikimbilie hiyo. Tafuta toleo la zamani, la miaka minane au kumi nyuma, kwani kipande chake cha mwanga bado ni kilekile kikubwa. Sisi wa pwani tuna jambo moja zaidi la kukagua, nalo ni ukungu. Unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huotesha nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi iliyokaa muda mrefu ndani ya begi. Mulika tochi kupitia lenzi kabla ya kutoa fedha. Ukiziona nyuzi hizo, mrudishie mwenyewe kwa heshima hata kama bei imeshuka nusu. Na ukishanunua, kamera yako ilale mahali penye hewa.

Sasa nifike kwenye karatasi, kwa maana hapa ndipo wengi tunapokwama, hata tuliochagua kamera vizuri. Huko Chicago aliishi yaya aitwaye Vivian Maier, aliyepiga mji ule kwa miaka mingi kwa kamera ya Rolleiflex, ile ya kutazama kutoka juu ikiwa imeshikwa usawa wa tumbo. Mwaka 2007 mizigo yake iliuzwa mnadani kwa kuwa kodi ya stoo haikulipwa, na ndani yake zikakutwa picha zaidi ya 100,000, nyingine zikiwa filamu ambazo hazikuwahi kusafishwa. Alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijalijua jina lake. Watu husimulia habari hiyo kama hadithi ya bahati. Mimi naiona kama onyo. Yeye aliacha masanduku, na masanduku hufunguliwa. Sisi tunaacha simu iliyoibiwa Mwenge na kompyuta iliyokufa kwa umeme kukatika na kurudi. Nani atafungua hizo?

Na mji hautungoji. Mwaka 2017, katika upanuzi wa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, nyumba nyingi ziliwekwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Tarehe 25 Desemba tusiihesabu kuwa ya sikukuu tu. Siku hiyo, mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka, jengo lililosimama tangu 1883. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975. Majengo makubwa yana picha zake katika magazeti na vitabu. Lakini baraza la nyumba yenye X, ambapo mama fulani alikaa miaka ishirini akiuza vitumbua, nani anayo? Kama jirani yake mwenye kamera ndogo hakuipiga, haipo. Kama aliipiga akaiacha ndani ya simu iliyokwisha kuibiwa, haipo vilevile.

Zanzibar ina Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kinachofanya watu waingie pale hadi leo na kuona nyuso na mitaa ya zamani si ukubwa wa kamera ya Oza. Ni kwamba picha zilisafishwa, zikawekwa kwenye karatasi, zikatunzwa.

Kwa hiyo, mwanangu unayeuliza, gawanya akiba yako mara mbili kabla hujaingia dukani. Sehemu kubwa inunue kamera ndogo yenye kipande kikubwa cha mwanga, lenzi moja isiyovuta, na gurudumu la mwanga lililo wazi. Sehemu inayobaki usiiguse kwa kununua mfuko, mkanda wala betri ya tatu. Kila mwisho wa mwezi chagua picha kumi, zipeleke studio zikachapwe, na nyuma ya kila moja andika kwa kalamu ya risasi jina la mahali, tarehe, na jina la mtu ikiwa amekubali. Tano ziweke nyumbani. Tano zirudishe kwa wenyewe: kwa konda, kwa mama wa vitumbua, kwa wazee wa bao. Wapelekee kwa mkono wako, mchana, wakikuona unakuja.